Tovuti ya biashara Zanzibar kwa gharama unayoimudu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni mafundi wa tovuti, na maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa wenye nyumba za wageni wa Jambiani na Nungwi, watembeza watalii wa Mji Mkongwe, mafundi seremala, washoni, na wafanyabiashara wa Chake Chake na Wete. Karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza bei ya kutengeneza. Wanaorudi kwetu na matatizo lakini, wengi wamekwama mwaka wa pili: haijulikani nani analipa, nani ameshika funguo, nani wa kubadilisha bei za vyumba. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye mwaka huo wa pili.

## Kabla ya kutoa pesa

Nina Instagram na WhatsApp, na wateja wanakuja. Tovuti ya nini tena?

Huenda huihitaji. Mshoni wa Mwanakwerekwe ambaye wateja wake wanamjua kwa jina na wanafika kwa miguu, pesa yake inafaa zaidi kwenye cherehani. Anayehitaji tovuti ni yule ambaye mteja wake yuko mbali na anataka kujiridhisha kabla ya kutuma pesa: mgeni aliyeko Milan anayetakiwa kulipa amana ya chumba, au kampuni ya Dar es Salaam inayotafuta fundi wa milango ya kuchonga. Mtu huyo ataandika jina lako Google. Asipokuta kitu chako mwenyewe, atakuta maneno ya watu wengine kukuhusu.

Kuna jambo jingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa saa sita hivi. Biashara iliyokuwa na milango hiyo mitatu tu ilikuwa imefungwa, kwa sababu milango yote ilikuwa ya mwenye nyumba mmoja.

Naweza kuanza bila kulipa chochote?

Ndiyo. Jisajili kwenye Google kama biashara ili uonekane kwenye ramani, na ujaze kila kitu: saa za kazi, simu, picha zako mwenyewe, mahali halisi ulipo. Ni bure, na kwa mkahawa au duka la Darajani kunaweza kutosha kwa mwaka mzima. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapoteza hata wenyeji, kwa hiyo alama yako iweke penye mlango wenyewe, si barabara ya karibu.

Ila usijenge kila kitu juu ya kitu cha bure. Google ilikuwa ikiwapa wenye biashara tovuti ndogo za bure zilizotoka moja kwa moja kwenye wasifu huo wa ramani. Mwezi Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa na domeini (jina la tovuti) yao wenyewe waliielekeza kwingine na maisha yakaendelea. Waliokuwa wamechapisha anwani ile ya bure kwenye kadi na vibao ilibidi wachapishe upya.

Tovuti inagharimu kiasi gani?

Hakuna bei moja kwa sababu si kitu kimoja. Unalipia vitu vinne, na ukitajiwa bei uliza ni vingapi kati yake vimo.

Cha kwanza ni domeini, yaani jina la tovuti. Domeini ya .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka, kwingine inazidi kidogo. Cha pili ni hostingi, mahali tovuti inapokaa. Hostingi ya kawaida ya kuchangia seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na wengine ni kama dola 30 hadi 100 kwa mwaka, na ziko njia ambazo hostingi ni bure au imo ndani ya malipo ya mwezi (tazama "Njia zipi zipo?"). Cha tatu ni utengenezaji, unaolipwa mara moja na ndio unaopishana kupita kiasi kutoka fundi mmoja hadi mwingine. Cha nne ni utunzaji, ambao hautajwi siku ya makubaliano na ndio unaokuja kuumiza.

Nifanyeje hesabu nijue kama itanilipa?

Hesabu miaka mitatu, usihesabu siku ya kwanza. Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni ya vyumba 6, chumba dola 60 kwa usiku. Mgeni wa siku 4 analipa dola 240. Akija kupitia mtandao mkubwa wa kuuzia vyumba unaokata asilimia 15, dola 36 zimeondoka kwa mgeni huyo mmoja.

Sasa pima. Tuseme domeini ni dola 15 na hostingi dola 70 kwa mwaka, jumla 85. Wageni watatu tu waliokuandikia moja kwa moja wamekubakishia dola 108, gharama ya kuwapo mtandaoni imeshalipwa. Ukiongeza fundi wa dola 600 na utunzaji wa dola 100 kwa mwaka, miaka mitatu inakufikisha dola 1,155, ambazo ni kamisheni za wageni 33. Ukijenga mwenyewe kwa huduma ya dola 20 kwa mwezi, miaka mitatu ni dola 720, ukiongeza domeini 765: wageni 22. Weka namba zako mwenyewe, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Tahadhari moja. Usitarajie tovuti mpya ikuletee wageni wasiokujua. Mara nyingi mgeni hukuona kwanza kwenye ule mtandao mkubwa, kisha huandika jina lako Google aone kama una pahala pako. Kazi ya tovuti ni kumpokea pale. Kwa hiyo hatushauri mtu ajiondoe kwenye mitandao hiyo siku anayofungua tovuti.

## Jina na funguo

Nichukue .com au .co.tz?

Wateja wako wakiwa wa nje, .com inatosha na wameizoea. Wakiwa wa Tanzania, .co.tz inamwambia mtu mara moja kuwa uko hapa. Majina ya .tz yana msimamizi wake hapa nchini na husajiliwa kupitia mawakala, na ipo pia .hotel.tz kwa wenye nyumba za kulala wageni. Ukiweza chukua zote mbili na uelekeze moja kwenye nyingine. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ile ambayo mteja ataiandika bila kukuuliza mara mbili.

Jina lenyewe liwe fupi. Maneno yenye "kh", "dh" au herufi mbili zinazofuatana humpoteza mgeni. Mtamkie mtu kwa simu, kisha mwambie akuandikie. Akikosea, jina hilo halifai.

Domeini isajiliwe kwa jina la nani?

Kwa jina lako, kwa barua pepe yako, kwa akaunti ambayo neno lake la siri unalijua wewe. Fundi anaweza kukaa nawe akakusaidia, lakini akaunti iwe yako. Kama kuna jibu moja tungependa ulisome mara mbili, ni hili.

Mwenye nyumba mmoja wa pwani ya mashariki alikuja kwetu tovuti yake ikiwa imegeuka ukurasa wa kamari. Fundi wake alikuwa amesajili domeini kwa jina lake mwenyewe, akahamia Oman, akabadilisha namba ya simu, na ilani za kulipia zikawa zinaingia kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Jina likaisha muda, likanunuliwa na watu wasiojulikana. Miaka sita ya kadi, vibao na maoni ya wageni ilikuwa inaelekeza watu kule. Hatukuweza kumrudishia. Tulimtafutia jina jipya, akaanza upya. Hakukuwa na wizi wala ugomvi katika kisa hicho, kulikuwa na kisanduku kimoja cha fomu kilichojazwa barua pepe isiyo yake.

Domeini ni hati ya kiwanja. Jengo unaweza kulibomoa ukajenga jingine, lakini hati ikiwa ya mtu mwingine, kiwanja ni chake.

Na barua pepe unayosajilia isiwe ya domeini hiyo hiyo. Domeini ikizimwa, barua pepe hiyo nayo inazimika, na ilani za kukuokoa zinakosa pa kufikia.

Nikisahau kulipia domeini, inakuwaje?

Kwa .com, wakala wako analazimika kukukumbusha mwezi mmoja hivi kabla na tena wiki moja kabla. Muda ukipita tovuti inazimwa. Jina likishafutwa kuna siku 30 ambazo mwenyewe bado unaweza kulikomboa, kwa faini inayoweza kuzidi bei ya miaka kadhaa. Baada ya hapo ni la yeyote. Kwa majina ya .tz kanuni ni za msimamizi wake, usizichukulie kuwa sawa na za .com, muulize wakala wako.

Dawa rahisi ni kulipa miaka miwili au mitatu kwa pamoja. Ya .com inaruhusu hadi miaka 10. Lipa mwezi wa Agosti wakati vyumba vimejaa. Domeini nyingi tunazoziona zikipotea zinaisha muda Aprili au Mei, hoteli zimefungwa na mfuko mkavu.

Naweza kuhamisha domeini kwenda kwa wakala mwingine?

Unaweza. Kwa .com kwa kawaida unasubiri siku 60 tangu kuisajili au kuihamisha mara ya mwisho, kisha unamwomba wakala wa zamani aifungue na akupe msimbo wa kuhamishia. Kuhamisha domeini hakuhamishi tovuti yenyewe, hivyo ni vitu viwili. Tunashauri hata viwe kwa kampuni mbili tofauti, ili ukigombana na mmoja usipoteze vyote.

## Kuchagua njia

Njia zipi zipo?

Ya kwanza ni huduma za kujijengea kama Wix na Squarespace. Unalipa kila mwezi, mara nyingi kati ya dola 15 na 30, na hostingi, usalama na masasisho ni juu yao. Unabadilisha bei ya chumba kwa simu ukiwa kwenye daladala. Ubaya wake, ukiondoka huondoki na tovuti. Maneno na picha utazinakili, umbo lake linabaki kwao.

Ya pili ni WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Unaiweka kwenye hostingi yoyote na unaweza kuibeba kwenda popote. Mafundi wake wapo wengi hapa na Dar es Salaam. Ubaya wake ni kwamba inataka kutunzwa, na isipotunzwa huvamiwa.

Ya tatu inasahaulika sana: kurasa tuli. Ni mafaili matupu yasiyo na hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia kwa neno la siri, kwa hiyo mvamizi hana pengi pa kushika, na hufunguka haraka hata kwenye mtandao dhaifu. Cloudflare Pages inazihifadhi bure. Wapo wanaotumia GitHub Pages, lakini masharti yake hayaruhusu kuifanya hostingi ya bure ya kuendeshea biashara, basi iache. Ubaya wake, kila badiliko utamhitaji mtu anayejua.

Google Sites ni bure, sura yake ni ya kawaida mno, lakini unaweza kuiwekea domeini yako. Kwa mtembeza watalii mwenye safari nne na namba ya WhatsApp, inatosha.

Shopify ni ya wanaouza vitu vinavyosafirishwa: sabuni za mwani, viungo vilivyofungwa, mikoba ya ukili. Ni dola 30 hadi 40 kwa mwezi kwa kifurushi cha Basic. Jua mapema kwamba mfumo wake wenyewe wa malipo haupo Tanzania. Utamtumia wakala mwingine wa malipo, na Shopify itakata asilimia yake juu ya ile ya wakala.

Sisi kazi yetu kubwa ni WordPress. Hata hivyo, nyumba yenye vyumba chini ya 10 na mtu mmoja wa kushughulika, tunamshauri njia ya kwanza. Tovuti isiyopendeza sana lakini mwenyewe anaibadilisha inamfaa kuliko nzuri anayoiogopa kuigusa.

WordPress si ya bure? Mbona natozwa?

Programu ni ya bure. Unalipia hostingi, domeini, kazi ya fundi, na pengine muonekano au plagini (vipande vya programu vinavyoiongezea tovuti uwezo) za kulipia. Zipo mbili pia zinazochanganywa: programu yenyewe unayojiwekea, na WordPress.com ambayo ni kampuni inayokuhifadhia kwa malipo ya mwezi. Ukimsikia fundi anasema "WordPress", uliza ipi.

Na jihadhari na plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwa njia za panya. Nyingi zimetiwa msimbo wa wizi ndani yake. Fundi akijisifu kuwa anazo zote bila kulipa, mtafute mwingine.

Kampuni ya hostingi inasema dola 2 kwa mwezi. Ni kweli?

Ni kweli kwa kipindi cha kwanza, na mara nyingi ukilipa miaka mitatu kwa mkupuo. Soma maandishi madogo yanayosema bei ya kuhuisha, ambayo huwa mara mbili au tatu ya hiyo. Hesabu yako ya miaka mitatu ifanye kwa bei hiyo ya pili. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, kisikutoze. Let's Encrypt inatoa vyeti bure na hostingi nzuri huviweka zenyewe. Bila cheti, Chrome imekuwa ikiwaandikia wageni kwamba tovuti si salama tangu Julai 2018.

Nijenge mwenyewe au nimpe fundi?

Jiulize una jioni nne tulivu? Ukiwa nazo, jenga mwenyewe kwa njia ya kwanza au Google Sites. Ukiwa huna, mpe fundi, lakini kazi ya kuandika maneno na kukusanya picha fanya wewe. Huko ndiko kazi nyingi zinakokwama miezi mitatu, fundi anasubiri picha na mwenye hoteli anasubiri tovuti.

Makubaliano na fundi yawe na nini?

Yawe ya maandishi, hata kama ni mtoto wa shangazi. Hasa akiwa mtoto wa shangazi, maana huyo huwezi kumdai kwa ukali. Yataje kurasa ngapi, lugha ngapi, marekebisho mara ngapi, na siku ya kukabidhi. Yaseme kwamba akaunti zote ni zako tangu siku ya kwanza. Yataje bei ya utunzaji baada ya hapo na anachokifanya kwa bei hiyo. Lipa kwa awamu: sehemu ya kuanzia, sehemu ukiona kazi, na ya mwisho ukishaingia mwenyewe kwenye kila akaunti kwa simu yako huku yeye akiwa amekaa pembeni yako.

Kabla ya hapo, mwombe tovuti alizotengeneza miaka miwili iliyopita, si za mwezi jana. Uone ngapi bado ziko hai.

Seva ikae wapi? Naweza kutumia kompyuta ya ofisini?

Wateja wakiwa Ulaya, seva ya Ulaya ni sawa. Wakiwa Unguja, Pemba na bara, seva iliyoko Dar es Salaam hujibu haraka zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na uzito wa picha (tazama "Picha ziweje?").

Kompyuta ya ofisini, hapana. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu hivi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nyaya za umeme za chini ya bahari zimeongezwa tangu hapo na hali si ile. Lakini hata umeme ukikatika saa mbili tu, wakati huo pengine mgeni wa Warsaw yuko kwenye tovuti yako anachagua chumba.

## Yaliyomo

Kurasa ngapi zinatosha?

Tano: mwanzo, vyumba au bidhaa pamoja na bei, namna ya kufika, maswali ya wateja, mawasiliano. Bei ziandike. Mgeni asiyeona bei haulizi, anaondoka. Kwa Pemba ukurasa wa namna ya kufika uupe nguvu zako zote, kwa sababu mgeni hajui kama ateremke na boti Mkoani au Wete au aruke hadi uwanja wa ndege wa Chake Chake, wala kutoka hapo hadi Kigomasha atapanda nini.

Lugha zipi?

Kiingereza kwanza kwa wanaopokea wageni, Kiswahili kwanza kwa wanaouza hapa. Kiitaliano kina maana kwa pwani ya Kiwengwa. Lugha unayoiongeza ni lugha utakayolazimika kuijibu, kwa hiyo usiweke Kijerumani kama hakuna wa kujibu barua ya Kijerumani. Na tafsiri ya mashine mpe mwenye lugha aisome kabla ya kuiweka.

Picha ziweje?

Ziwe zako na ziwe nyepesi. Picha ya simu huwa na megabaiti 3 hadi 5, na ukiweka kumi ukurasa umekula bando la mtu kabla hajaona bei. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 hivi, zihifadhi kwa muundo wa WebP, na kila moja ishuke chini ya kilobaiti 200. Zipo programu za bure za kufanya hivyo kwa simu.

Usichukue picha ya ufukwe wa mtu mwingine. Bahari ya Jambiani hukupwa mbali sana, na mgeni aliyeoneshwa maji yaliyojaa muda wote atalalamika hadharani. Piga maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, uyaweke yote, na useme ni saa ngapi hivi za kuogelea kila siku. Mwenye nyumba mmoja alipofanya hivyo, malalamiko ya bahari yaliisha kwenye maoni yake.

## Malipo, nafasi na barua pepe

Nitapokeaje malipo?

Kwa wateja wa ndani, M-Pesa, Airtel Money na wenzake zinatosha, tovuti inaweza kuandika namba ya kulipia tu. Kwa kadi za nje, Stripe, kampuni kubwa ya malipo ya mtandaoni, haifungui akaunti za biashara za Tanzania, kwa hiyo utatumia mawakala wanaofanya kazi hapa kama Pesapal, DPO au Selcom. Wanakata asilimia kwa kila muamala, waulize wote watatu ulinganishe, na uliza pia pesa inafika benki baada ya siku ngapi.

Huhitaji kuunganisha malipo ndani ya tovuti mwanzoni. Wakala anaweza kukupa kiungo cha malipo, unamtumia mgeni kwa barua pepe, analipa amana. Usimwombe mtu namba ya kadi kwa WhatsApp wala barua pepe, hata akikuharakisha mwenyewe.

Niweke kalenda ya wageni kujiwekea nafasi za vyumba?

Chini ya vyumba 10, fomu fupi na WhatsApp zinatosha, mradi unajibu siku hiyo hiyo. Kalenda inayojisawazisha na Booking.com na Airbnb kwa viungo vya iCal (mafaili ya kalenda ambayo mitandao husomeana kila baada ya muda) huchelewa, pengine saa kadhaa, na katika saa hizo chumba kimoja kinauzwa mara mbili. Mwezi wa Mei hutaona tatizo. Tarehe 28 Disemba utakuwa na familia mbili mapokezini na chumba kimoja. Ukitaka kalenda kweli, lipia mfumo unaounganishwa moja kwa moja na mitandao hiyo, na gharama yake iingize kwenye hesabu ya miaka mitatu.

Barua pepe ya jina langu ina maana gani?

Humtuliza mteja anayetuma amana. Hostingi nyingi huitoa bila nyongeza. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitisho kwa watumaji, kwa hiyo mwambie fundi aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Majibu yako yakiwa yanaangukia kwenye taka za mgeni, yeye anaona hukumjibu.

## Utunzaji

Kutunza tovuti ni kufanya nini khasa?

Kwa WordPress: kusasisha programu na plagini kila mwezi, kuondoa plagini zisizotumika, na kuweka nakala ya akiba mahali pasipo seva ile ile. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa usiitegemee. Tulijifunza hilo kwa uchungu, tulipofungua nakala za mwaka mzima za mteja tukakuta maneno yote yapo na picha hakuna hata moja.

Kwa njia zote: maneno yaendane na hali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi wanatakiwa wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bado tunakutana na tovuti za hoteli ambazo hazilitaji, na mgeni analijua akiwa uwanja wa ndege. Saa za mkahawa wakati wa Ramadhani nazo ziandike kabla ya mwezi kuandama.

Wakati gani wa mwaka unafaa kwa matengenezo makubwa?

Masika, Machi hadi Mei. Wenye vyombo hupandisha pwani wakati kazi imepungua wakakalafati, na wewe fanya hivyo hivyo: picha mpya, bei za msimu ujao, kuhama hostingi kama unahama. Usiguse kitu kikubwa Julai wala Disemba.

Tovuti imevamiwa. Nianzie wapi?

Badilisha maneno ya siri yote kutoka kifaa kingine safi, ya hostingi, ya domeini na ya barua pepe. Waambie watu wa hostingi. Rudisha nakala ya akiba ya kabla ya uvamizi, kisha sasisha kila kitu kabla ya kuifungua tena, maana tundu alilopitia bado lipo. Kama huna nakala, mara nyingi ni rahisi kujenga upya kurasa tano kuliko kusafisha.

## Yasiyo ya kila siku

Mtandao ukikatika huku kwetu, tovuti inapotea?

Ikiwa seva iko nje, haipotei kwa walioko nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika na Tanzania ikaumia sana. Wageni wa Ulaya waliendelea kufungua tovuti za hoteli zetu, sisi ndio hatukuweza kuwajibu. Weka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe linalomwambia mtu ategemee majibu baada ya muda gani, na namba ya simu ya kawaida.

Niko Pemba. Naweza kuuza karafuu kwenye tovuti?

Anza ofisi za ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kabla ya kuanza kwa fundi, maana ununuzi wa karafuu kwa wakulima uko mikononi mwa shirika hilo. Viungo vingine, asali au bidhaa za mwani ni habari tofauti, na kwa hizo tazama "Njia zipi zipo?" kwenye sehemu ya Shopify.

Naweza kuwataka wageni wapakie picha ya pasipoti kwenye fomu?

Usifanye. Iangalie pasipoti mgeni akifika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume inayoisimamia, na wageni wa Ulaya wamezoea sheria kali zaidi za kwao. Zaidi ya sheria, tovuti ikivamiwa utakuwa umempa mwizi pasipoti za watu waliokuamini.

Fundi ametoweka na akaunti zote anazo yeye.

Kama domeini ni yako, una nafasi nzuri: jenga kwingine na uielekeze huko. Kama ni yake, mtafute kupitia ndugu na marafiki kabla hujamtafuta kwa barua za wakili, kwa sababu unachohitaji ni msimbo wa kuhamishia na ushirikiano wa dakika kumi. Kusanya risiti na mawasiliano yanayoonesha wewe ndiye uliyelipa, umwandikie wakala wa domeini. Wakati unangoja, nakili maneno na picha zote zilizoko kwenye tovuti huku bado iko hewani.

Baba amefariki. Tovuti ya nyumba ya wageni ilikuwa kwenye simu yake.

Poleni sana. Msiifute laini yake wala msiiache ife kwa kutotumika, kwa sababu misimbo ya kuingilia inatumwa kwenye namba hiyo. Fungueni barua pepe yake mtafute neno la wakala wa domeini na tarehe ya kuisha. Kama muda umekaribia, lipeni kwanza. Mawakala wengi hupokea malipo ya kuhuisha hata kabla umiliki haujabadilishwa. Habari ya nani aandikwe mmiliki mpya isubiri mirathi.